Nguo Kwenye Waya wa Klabu

Buzebazeba, Kigoma
3 Juni 1968

Dada yangu mpenzi Veneranda,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na shemeji Dismasi na watoto, na kwamba kikohozi cha Regina kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Kiangazi kimeanza, vumbi linaingia mpaka kwenye chumvi, lakini nina furaha, dada, furaha ya kunitia aibu mbele za watu. Juzi sokoni Mwanga nilijikuta nacheka peke yangu mbele ya mafungu ya dagaa.

Gervasi ni yule yule. Jana tulipotoka kanisani alinishika kiganja akagonga jina langu kwa kidole, herufi moja moja, kwa zile alama za simu za ti-ta-ti-ta, katikati ya watu na hakuna aliyejua. Nilisahau hata kumsalimu katekista. Ndivyo alivyonipata, unakumbuka, kwenye arusi ya Stephania, alipogonga meza mbele yangu nikadhani ana wazimu.

Sasa nikuambie kinachonichosha. Klabu! Mimi sikuolewa na mwanaume mmoja, dada, niliolewa na klabu nzima. Uliuliza ni klabu ya nini. Ni watu wenye mtambo wa redio wa kusema na kusikia, si kama redio ya shemeji ya kusikilizia taarifa ya habari. Wana leseni ya serikali. Wanaita hewani, na mtu mwingine mwenye mtambo, awe Japani au Brazili, anaitika. Wanaambiana jina, mahali na hali ya hewa. Basi! Halafu wanatumiana kadi kwa posta kuthibitisha kwamba kweli waliambiana hali ya hewa. Kadi hizo zimejaa ukuta wa sebule, pale pale ilipotakiwa kukaa picha yetu ya arusi. Picha iko chini ya kitanda.

Wako watatu. Mwenyekiti ni Mzee Mwinshehe wa Ujiji, aliyekuwa karani wa simu wa reli. Katibu ni mume wangu, na wanafunzi wake wa sayansi wanamwona kama mchawi. Wa tatu ni Asumani, fundi redio mwenye kibanda Mwanga. Kila Jumamosi mchana hukutana kwetu, na kwa kuwa mgeni haondoki na njaa katika nyumba ya bibi arusi, mimi husonga ugali wa muhogo na kuunga samaki, migebuka ya ziwani, kwa mawese. "Shemeji, mkono wako huu!" husema Asumani, macho yako kwenye sufuria.

Na sijamaliza. Wamechukua nguzo zangu za kuanikia nguo, wakaziunga zikawa ndefu, wakafunga waya wao wa hewani. Gervasi akaniambia kwa ile sauti yake tamu, "Mpenzi, waya huu usiguswe hata na ndege." Nami nianike wapi? Juu ya michongoma? Basi nikuambie siri. Waya unaanzia dirisha la nyuma, na pale pa mwanzo uko chini, naufikia. Jumamosi ndiyo siku yangu ya kufua. Wakishajifungia na mtambo wao, na dirisha wamelifunga kwa ajili ya vumbi, mimi nazunguka nyuma na kuanika mashuka na vitenge mpaka waya unalegea kama mgongo wa punda mzee. Jua la sasa ni kali, wanapomaliza kula nimekwisha kuanua. Usimwambie mtu.

Jambo moja tu, kitenge changu cha arusi kimeota vitobo vidogo vya kuungua. Sijui ni ile pasi?

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Honorata

Kasulu
14 Juni 1968

Mdogo wangu Honorata,

Marahaba. Sisi tu wazima, Regina hakohoi tena bali anapiga kelele, bora angekohoa. Maharage tumevuna, namshukuru Mungu.

Nilimsomea shemeji yako barua, ile sehemu isiyo ya siri. Akasema, "Mwanaume mwenye shughuli yake asisumbuliwe." Wakati huo nilikuwa nafua suruali zake, na yeye amekaa, miguu juu ya kigoda. Nikazikamua kama shingo ya kuku.

Nisikilize. Usigombane na waya, waya hauna masikio. Ngoja siku ambayo Gervasi ameshiba vizuri na wale wenzake hawapo, ndipo umwambie yaliyo moyoni. Mwanaume akishiba huahidi. Na pasi yako, punguza makaa.

Dada yako,
Veneranda

Buzebazeba, Kigoma
27 Juni 1968

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo tena na tena. Nyote hamjambo? Sisi ni wazima, ila mimi nina homa ya hasira.

Nilifanya ulivyosema. Nilimpikia kuku, akala, akanitazama kama siku ya arusi, nikamwambia yote: kadi, picha, nguzo, Asumani. Akanishika mikono yote miwili. Akasema, "Honorata, vumilia kidogo." Kumbe kuna mkaguzi anakuja kutoka Dar es Salaam, Jumatano ya tarehe 17 Julai. Serikali inataka kujua mtambo huu unafanya nini hapa mpakani, maana watu wanasema unaongea na Kongo. Siku hiyo klabu itaita kituo cha Dar mbele ya mkaguzi. Dar wakiitika, leseni inabaki. Wasipoitika, mtambo unachukuliwa na klabu imekwisha.

"Ukichukuliwa," akasema Gervasi, "nguzo ni zako, ukuta ni wako, Jumamosi ni zako, na mimi ni wako."

Dada, nimewasha mshumaa kanisani. Usiniulize nimeomba nini!

Na naona Mungu yuko upande wangu, kwa sababu mtambo huu hufanya kazi Jumamosi tu. Siku nyingine Gervasi anakaa peke yake akirudi kutoka shuleni, anasikia dunia nzima, lakini dunia haimsikii yeye. Anaita mpaka chai inapoa. Mzee Mwinshehe anasema anga la Jumamosi limetulia. Asumani anataka kuifungua koili, ule mzingo wa shaba unaolinganisha mtambo na waya wa nje, na kuipima upya, na hapo mzee anawaka: "Tuliipima Jumamosi, ikaitikiwa hadi Brazili, tukaifunga kwa lehemu. Kilichofungwa hakifunguliwi! Reli ingeendaje kama kila fundi angefungua alichofunga mwenzake?" Wanagombana hivyo midomo imejaa migebuka yangu.

Na jirani yangu Marcelina hanipi nafasi. Jana ameniuliza kisimani, mbele ya wanawake wote, "Bibi arusi, mumeo anamwita nani kila siku asiyemwitika? Mwanamke gani huyo mwenye kiburi?" Walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Mimi nilijifanya nacheka.

Mdogo wako mwenye uchungu na mapenzi,
Honorata

Kasulu
6 Julai 1968

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, ng'ombe amezaa dume.

Neno langu ni fupi kwa sababu aendaye Kigoma ananingoja mlangoni. Angalia unachoombea. Dismasi alipoacha kucheza mpira nilifurahi, nikasema sasa mume nimempata. Tangu hapo yuko nyumbani ananifundisha kupika maharage. Mwanaume asiye na chake huja kuchukua chako.

Dada yako,
Veneranda

Buzebazeba, Kigoma
22 Julai 1968

Dada yangu, dada yangu,

Shikamoo. Uzima upo? Kaa chini kwanza ndipo usome.

Jumatano ilifika. Nilifagia uwanja, nikaanua kila kitambaa, sikuacha hata leso nje, kwa heshima ya mgeni. Waya ulikuwa mweupe juani kama uzi. Mkaguzi akaja, mwembamba, viatu vyeusi, akasema hali kitu mpaka amalize kazi. Nilimpenda papo hapo.

Gervasi akakaa kwenye mtambo. Tukaisikia Dar wazi kabisa: "Kigoma, Kigoma, tunawangojea." Akajibu. Dar ikasema, "Kigoma, hatuwasikii." Akajibu tena, jasho linamtoka. "Kigoma, hatuwasikii." Mzee Mwinshehe akasema ni anga. Asumani akanyoosha mkono kwenye koili, mzee akaupiga kofi mbele ya mgeni. Mkaguzi akatazama saa yake.

Nami nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Dada, sitakuficha, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilikwisha kuiona picha yetu ukutani.

Ndipo Gervasi akaweka kipaza sauti chini, akageuka akanitazama. Hakulalamika. Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeshindwa, akagonga jina langu mezani kwa kidole. Ti-ta-ti-ta, taratibu, kama anayetoa alichobakiwa nacho. Alikuwa anatimiza ahadi. Nikaona kwamba nitampata mume wangu mzima, isipokuwa kidole kile.

Na papo hapo likaniingia kichwani: Jumamosi! Ni nini kipo Jumamosi kisichokuwapo leo? Nikakumbuka vitobo vya kitenge changu. Haikuwa pasi, ni moto wa ule waya wakiita. Wale wazee wa maarifa walipima mtambo wao Jumamosi, waya ukiwa umebeba mashuka yangu mabichi, wakafunga kwa lehemu!

Ningeweza kunyamaza. Wallahi, kama asemavyo Asumani, ningeweza. Lakini nilikumbuka maharage ya shemeji Dismasi. Nikaweka sinia chini, nikakimbilia chumbani, nikavua kitanda mashuka yote, nikachukua kitenge cha arusi na chochote kilichokuwa karibu, nikavizamisha ndani ya pipa la maji na kuvitupa juu ya waya. Waya ukalegea kama kawaida yake. Nikapiga kelele dirishani, "Ita tena!"

Akaita. Dar ikajibu, "Kigoma! Sasa tunawasikia vizuri sana! Mlikuwa wapi?"

Mkaguzi akasogea dirishani, akalifungua. Kilichokuwa mbele ya pua yake, dada, ni gagulo langu la kuvalia ndani ya gauni. Akauliza, "Mwalimu, na hiki ni sehemu ya mtambo?"

Gervasi akalitazama gagulo, akanitazama mimi. "Ndiyo, Bwana Mkaguzi," akasema. "Ni sehemu muhimu."

Leseni imebaki. Mkaguzi akala kuliko Asumani.

Unadhani nilishukuriwa? Alipoondoka tu, Mzee Mwinshehe akaanza: "Binti, umetufanya tufunge koili na shuka lako!" Nikamwambia, "Na nyie, mzee, mlifunga waya kwenye nguzo zangu." Asumani akasema sasa tufungue tupime upya. Mzee akakataa katakata: mtambo umeitikiwa mbele ya serikali ukiwa na nguo, basi nguo zibaki. Alhamisi asubuhi mume wangu mpenzi ananijia, kichwa upande: "Honorata wangu, leo huwezi kufua kidogo tu?" Ijumaa tena! Nifue nguo zipi? Zimekwisha! Nitavua ninazovaa?

Nikawaambia wote watatu: anayetaka kuitikiwa, afue.

Jumamosi ungekuwapo. Asumani na sabuni ya mawese hadi viwikoni. Mzee Mwinshehe amekunja kanzu, anakamua shuka na kutoa amri kana kwamba treni inaondoka. Gervasi anafua kitenge changu cha arusi polepole, akikwepa vile vitobo. Marcelina alikuja na kigoda chake kutazama. Baadaye akarudi kwake, akaleta karai la nguo za mumewe, akalitua mbele ya mwenyekiti. "Mzee wangu, si ndiyo siasa ya kujitegemea yenyewe hii? Na waya wenu bado una nafasi."

Mimi nilikaa mkekani, sikupika. Picha yetu iko ukutani, kati ya Japani na Brazili.

Mdogo wako mwenye furaha na aliyechoka kupiga kelele,
Honorata

Kasulu
2 Agosti 1968

Mdogo wangu Honorata,

Marahaba, marahaba sana. Sisi ni wazima. Barua yako nimemsomea shemeji yako kwa sauti, kisha nikairudia pale penye Mzee Mwinshehe na kanzu yake. Akashusha miguu kutoka kwenye kigoda.

Nina ombi. Mwulize Asumani, kibandani kwake hakosi mtambo mbovu, uliokufa kabisa. Hata kama hauiti wala hausikii, si neno. Autie taa moja ya kuwaka, na anipe na waya mrefu. Kisha Gervasi amwandikie Dismasi, kwa heshima kama mwalimu, amweleze kwamba mitambo ya aina hiyo haiwezi kuitikiwa mpaka mwenyewe afue.

Nguo nimekwisha kuziloweka.

Dada yako,
Veneranda