Asali ya Bibi Skola

Jumatano, Julai

Daktari alikuwa ameshavuta insulini kwenye bomba la sindano. Kama ningenyamaza... Basi, yamepita.

Bibi Skola wa Kasense, mgonjwa wetu wa sukari, alikuwa anaendelea vizuri. Leo asubuhi nilimtoboa kidole kumpima, mashine ikaonyesha sukari imepanda kupita kiasi. Nikaanza kulaani stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea damu. Siku hizi kila duka linauza vifaa vya hospitali, na hujui vimekaa juani kiasi gani. Hii mashine tangu ije sina imani nayo.

Lakini bibi mwenyewe alikuwa mzima, hana hata kiu. Nikamwomba daktari nirudie kipimo. Akanuna, akangoja.

Nilipomshika tena mkono, kidole kikanata kwenye glavu yangu.

"Bibi, umeshika nini?"

"Si asali yako, mwanangu? Nilikuletea zawadi, chupa ikavuja njiani."

"Na hukunawa?"

"Kwa baridi hii ya Sumbawanga? Nilijifutia kwenye kitenge."

Nami nilikuwa nimempangusa kwa spiriti haraka haraka, nikaona inatosha. Nikamletea maji ya moto na sabuni, nikapima upya. Sukari ya kawaida kabisa. Ile sindano ingemmaliza.

Daktari akaitupa. Kuanzia kesho ni beseni na sabuni kwanza, mashine baadaye.

Bibi alicheka mpaka machozi. "Kumbe mlitaka kuichoma sindano asali!"

Nilicheka naye, kisha nikaenda kuliweka beseni karibu na mashine.