Bwana yangu amenigeuza mashini

Mama Berthe wa gazeti, nakusalimia weye na nyumba yako, na kama unasoma barua hii mbele ya batu naomba ukohoe kwanza nipate kujificha, maana niko na shida na hapa Nchelenge ukimwambia mutu mumoja, soko lote linajua kabla samaki hawajakauka. Miye nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, Pweto, nilisoma kidogo tu kwa masista, ukiona makosa uyaruke kama matope.

Bwana yangu Mwewa ni mutu wa hapa. Kule Lubumbashi tulikooana kazi yake ilikuwa ordinatere, ile mashini ya hesabu inayojaza chumba kizima na kupulizwa baridi kama chupa ya bia, yee anaiandikia amri, amri zinatobolewa kwenye karte za karatasi ngumu, mashini inazila na kutoa mishahara ya batu wote wa kampuni, na aliijua vizuri hata ikikohoa yee njo anajua inaumwa wapi. Sasa kampuni moja ya Ndola imemuita, kuna nyumba ya matofali, maji yanatoka ukutani, lakini mashini yao ni ya kabila lingine kabisa, na patron, mukubwa wa kazi, alimpa vitabu vinene vya Kiingereza akamwambia, "Ujifunze mwenyewe. Mvua ikianza uje, tutakupima siku ya kwanza." Akishindwa kazi hakuna. Kaka yake Sampa ameshamuwekea nafasi katika boti ya uvuvi, na bwana yangu, Mama Berthe, anatapika hata akivuka ziwa kwenda kwenye kilio Kilwa, hii Kilwa yetu ya ziwani.

Basi atajifunzia wapi, na mashini hapa haiko? Akanitazama miye. Akanikalisha kwenye kiti cha jikoni akasema, "Leo weye ni mashini." Akanifundisha jinsi ya kukataa. Ile ya zamani ulisimama nayo peke yako ukailisha karte zako, lakini hii mupya inatumikia batu wengi pamoja, kwa hiyo kabla ya kazi yenyewe lazima useme ni nani anaomba, anataka nafasi kiasi gani, vitu vyake viko wapi, na kitakachotoka kiwekwe wapi, ukisahau kimoja inakurudishia yote.

"Leta bukari," anasema, maana kazi tuliyojipimia ni ugali.

"Nimekataa. Nani anaomba?"

"Mwewa! Bwana yako!"

"Sahani iko wapi?"

"Si hapo nyuma yako!"

"Mashini haina nyuma. Nimekataa."

Mama, naungama: ile "nimekataa" ilinikolea. Tangu tuoane sijawahi kuisema bila kuitwa kwenye kikao cha mashemeji. Nikaanza kuongeza masharti yasiyo katika kitabu, nikamwambia mashini haiwaki bila ndoo ya maji ya ziwa, akachukua ndoo akaenda, majirani wakampigia vigelegele, nikamwambia tena mashini inapata moto sana mutoto wetu Chalwe akilia, akambeba Chalwe mugongoni kwa kitenge huku anasoma.

Lakini wiki hii kicheko kimenitoka. Kila mara anaanza kama kwenye mashini yake ya zamani, anadaka kazi yenyewe na kusahau zile salamu za nani na wapi, hata nikimuonea huruma na kumkubalia anajua kwamba nimemukubalia bure. Jana aliweka vitabu chini ya mutungi, akaenda kwa Sampa kujifunza kufunga mafundo ya wavu. Akarudi na vidole vimechubuka, akaketi mbali na miye, akaniita mama wa Chalwe kwa lugha ya kwao, "Bana Chalwe, labda kichwa changu kilijaa mashini moja tu."

Na dawa iko jirani! Kabwe, ambaye Mwewa alimufundisha kazi kule Lubumbashi, anafanya kazi kwenye mashini hiyo hiyo ya Ndola, na sasa yuko hapa kwa konje, anapumzika kazi. Kila siku anapita kwetu. Ni mutu wa ukoo wa Mamba, bwana yangu ni wa ukoo wa Samaki, kwa hiyo anaingia bila hodi na kutoa kipande cha samaki katika sahani ya Mwewa. "Samaki anakula ndugu yake? Aibu! Mupe Mamba!" Siku Chalwe alipozaliwa alisema supu yake imefika. Miye nililia, Mwewa alicheka mpaka akashika ukuta. Juzi Kabwe akamuuliza, "We kitoweo, nasikia unakuja kwenye mashini yetu. Haikutafuni?" Mwewa akajibu, "Naijua." Yeye aliyemufundisha Kabwe kushika karte, leo apige magoti mbele yake? Hataki hata nilitaje jina la Kabwe katika habari za vitabu.

Nimuendee Kabwe kwa siri? Mwewa akijua atasema nimemuvua nguo sokoni. Nikinyamaza, mvua inakuja. Nisaidie, mama.

Bana Chalwe, Nchelenge

MAMA BERTHE ANAJIBU

Binti yangu, nimekohoa. Sasa keti, na usiketi kwenye kile kiti.

Kwanza ndoo ya maji. Huna haya! Mwanaume amebeba kichwani mashini mbili zinazogombana, na weye umemuongezea ziwa. Acha leo. Mutoto mugongoni anaweza kuendelea kumubeba, hapo mashini ilisema vizuri.

Pili, nakuhurumia, lakini umeolewa upande huu na hukujifunza utani wa bwana yako. Umeutazama kila siku ukaona matusi tu! Mamba na Samaki hawana magoti kati yao. Mutani hakuombi, ananyang'anya, na unayenyang'anywa hukasiriki, maana ukikasirika kijiji chote kitakucheka. Mwewa anaogopa kumuomba mwanafunzi wake. Basi asimuombe. Anyang'anywe.

Muendee Kabwe mchana, mlangoni, mama mukwe wako akikuona. Hii si siri, ni utani. Mwambie aje saa ya kula achukue vitabu badala ya samaki, na asivirudishe mpaka Mwewa avikomboe. Ukombozi ni huu: Kabwe akae kwenye kiti chako awe mashini, ile ya kweli inayojua kukataa kwa haki, na Mwewa apate bukari kutoka kwake kwa utaratibu wote. Amuite mashini ya meno mabovu. Amuite gogo la mutoni. Katika matusi hayo atauliza kila kitu asichojua, na hakuna atakayekumbuka nani alikuwa mwalimu. Kichwa chake hakikujaa, binti. Kinahitaji mutu wa kubishana nacho.

Weye siku hiyo pika kingi, ufunge mudomo. Kicheko kikikushinda toka nje.

Mwambie Sampa ampe mutu mwingine ile nafasi ya boti, asimuue ndugu yake kwa kumutapisha.

Na jioni Mwewa atakapokuja kwako akitabasamu, akataja vizuri jina lake, anachotaka, na mahali pa kukiweka, tafadhali usimwambie tena "nimekataa".