Mwanga wa Saa Tisa na Robo

Jumanne, 4 Machi

Daftari langu, pokea salamu zangu za heshima, na uniwie radhi kwa kimya cha majuma matatu. Kiwandani wameniita tena, mstaafu mimi, ili ninakili vitabu vya ajali vilivyoliwa na unyevu. Miaka thelathini niliviandika mwenyewe: tarehe, saa, kiungo, sababu. Chumba kina joto. Vumbi la makaratasi linaelea mlangoni. Nikasinzia, nikaona mikono ikipepea ndani yake, polepole, kama inayoaga.

Jumatano, 5 Machi

Samahani, leo nakuletea hesabu tupu. Mashine ya kukatia maboksi: majeruhi kumi na wanne. Kumi na mmoja waliumia mkono wa kushoto, mwezi wa Machi, saa tisa na robo alasiri. Na kwenye safu ya sababu, mara zote, neno moja — uzembe. Msimamizi wa enzi zile aliagiza hivyo, nami nikaliandika kwa hati nzuri niliyofundishwa na mapadri.

Wa nane ni marehemu mke wangu. Kidole cha pete. Naye nilimwandikia uzembe.

Pete akaihamishia mkono wa kulia. Hakuniuliza kamwe niliandika nini.

Ijumaa, 7 Machi

Nilisimama kando ya mashine. Saa tisa na robo jua likapenya bati la paa la kupitisha mwanga, likashukia kisu. Kisu kikatoweka! Weupe mtupu, mtulivu. Ningeweza kuutazama hadi jioni.

Msimamizi wa sasa akacheka: mzee, tuliandikie jua barua ya onyo? Nikamwomba radhi kwa usumbufu, na bati lipakwe rangi. Hilo ni la mkurugenzi, akasema. Nilete kwa maandishi.

Jumapili, 9 Machi

Mke wa mwanangu, naye mfanyakazi wa kiwandani, kaja na furaha: kesho anapandishwa, anakaa kwenye mashine ya kukatia. Nikamweleza habari ya mwanga.

"Baba, wewe na jua mmegombana lini?" Kisha akaona sicheki, akaacha kuosha vikombe. Kukataa hawezi, asema. Nafasi hiyo wanaigombea sita.

Nimeandika kurasa mbili, kwa heshima zote. Sentensi ya mwisho nimeirudia mara nne: uzembe ulikuwa wangu.

Mkurugenzi hufika saa nane mchana. Mwanga, saa tisa na robo. Barua ataipeleka mkwe wangu mwenyewe. Ameipokea kwa mkono wa kushoto, akiomba radhi — wa kulia ulikuwa na povu la sabuni.