Vidole Visivyosikia

Jumatatu, 3 Machi

Daktari yule wa ndevu tatu hana adabu hata chembe! Namweleza ganzi, yeye anaandika tu, hanitazami. Eti bibi, uzee huo. Uzee gani unaoanzia vidole vya miguu na kupanda kama siafu hadi mikononi? Nikamwambia, wewe mtoto, inua uso ukiongea na mama yako. Akainua. Atanipima damu Alhamisi, aone kama vitamini zimepungua. Akauliza natumia dawa gani. Situmii.

Leo nimemsuka mwalimu, mteja wangu. Nimeshika nywele, sijui kama ni nywele au hewa. Mistari imekwenda kama njia ya mlevi. Akajitazama kwenye kioo, akasema imependeza. Mwongo! Hatarudi.

Jumatano, 5 Machi

Nimepita duka la dawa na Kitinda, binti yangu wa mwisho. Nimechomwa sindano ya vitamini, nyekundu kama juisi. Na vidonge juu, viwili asubuhi, viwili jioni. Kitinda anasema, mama, si ungoje kipimo kwanza? Nikamwuliza, mgeni akija nyumbani kwangu anakuta sijafagia? Damu yangu haiendi kule na matongotongo. Wasije kusema bibi huyu watoto wake hawamlishi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetolewa damu. Msichana wa maabara naye kauliza, bibi, umetumia dawa yoyote? Hapana. Sindano ile si dawa, ni chakula cha damu.

Jumanne, 11 Machi

Majibu. Vitamini tele! Daktari anacheka, eti bibi unatushinda sisi vijana. Nami nikacheka, mpumbavu mimi, nikajiona bingwa. Halafu akasema, basi tatizo si hilo. Ni nini? Hajui. Sukari hamna. Akaandika dawa ya maumivu. Maumivu! Ingeuma ningeshukuru. Mimi sisikii kitu.

Nikirudi, ndala ikanitoka katikati ya barabara. Sikujua. Muuza mkaa ndiye aliyepiga kelele, bibi, unatembea mguu mtupu! Unyayo umechanika, damu inatoka, mimi natembea tu kama malkia.

Ijumaa, 14 Machi

Kitinda kanirudisha kwa daktari kwa sababu ya kidonda. Mdomo wake huo haufungwi! Daktari anasema tena habari ya vitamini tele, Kitinda akadakia: si alichomwa sindano siku moja kabla?

Daktari akaweka kalamu chini. Akanitazama, safari hii bila kuambiwa. Akasema, bibi, basi tumepima sindano, hatukukupima wewe. Hakunigombeza. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kitinda akauliza, si tupime upya? Daktari akasema damu itadanganya kwa miezi. Kuna kipimo kingine, hapa hawana. Bora nichomwe sindano sasa, mfululizo, tuone. Nikamwuliza, vidole vitarudi? Akageukia dirisha. Akasema, kama ni vitamini, ganzi inaweza kuacha kupanda. Mishipa ya fahamu ikishakaa na njaa muda mrefu, iliyokufa imekufa. Na kama si vitamini, hajui.

Kama. Kama. Nimezeeka nikisikia kama.

Njiani Kitinda analia. Nikamwambia nyamaza, watu watadhani nimekufa.

Jumamosi, 15 Machi

Sindano ya kwanza ya daktari. Hakuna kitu.

Nimejaribu kumsuka Kitinda, nijipime. Nimefumba macho, ili vidole vifanye kazi vyenyewe kama zamani. Nilipofumbua, nilikuwa nimeshika ncha ya kanga yake. Naisuka! Yeye kaniachia tu niendelee. Ningemzaba kofi, lakini mkono wenyewe ndio huu.

Kesho anakuja bibi harusi. Hatumrudishi mtu. Kitinda akae kwenye kigoda changu, achukue kitana changu, asuke yeye. Mimi niwekewe kiti pembeni, nitaelekeza kwa mdomo. Na bibi harusi akiuliza mbona bibi hasuki, Kitinda amjibu: mama anapumzika. Basi. Asiongeze neno.