Hodi kwenye Simba ya Ochieng

Jumamosi jioni

Na bado baba mdogo wa Ochieng anamwita mtoto! Ochieng ana ndevu nyingi kumliko.

Nilikuwa kwao Katito kuona simba yake, ile nyumba ndogo ambayo kijana wa Kijaluo hujenga bomani akishakuwa mtu mzima. Mdogo wake alitangulia kupata yake, kinyume na mila, eti Ochieng ana usonji, nyumba ataifanyia nini? Mama yake aligombana na wazee wa boma mpaka wakachoka, wakakubali. Mimi, mwalimu wake, nilimfundisha kupika, kufua na kufunga mlango.

Leo amenipikia omena, dagaa wa ziwani. Ugali ulikuwa na madonge, nikaumaliza.

Tukiwa tunakula, baba yake mdogo akaingia bila hodi, na matope viatuni, akafunua sufuria, akaniuliza mimi: "Mwalimu, huyu mtoto anakula kweli?" Ochieng yuko hapo hapo! Mzee mzima, mpenda viti vya mbele kanisani. Hata kuku husita kidogo mlangoni.

Ochieng akanawa mikono, akamshika mzee kiwiko, akamtoa nje taratibu, akafunga mlango.

Mzee akafoka kwamba nimemharibu mtoto. Pumbavu. Mimi naogopa jiko la makaa, maana Ochieng husahau kulitoa nje kabla ya kulala. Hilo hakuliuliza.

Halafu, kutoka nje ya mlango, kwa sauti ndogo: "Hodi?"

Ochieng akatafuna, akameza.

"Nina mgeni, Baba. Kuja kesho."