Chipu Iliyolala Chali

Jumatatu, 4 Machi
Kikuza sauti cha mama watoto, anachosikilizia simu, kimekufa. Nimekifungua, nikanusa: chipu imeungua. Fundi redio wa mtaani kanipa nyingine huku akicheka. Zile za miguu mirefu hazitengenezwi tena, mzee, siku hizi ni hizi tu. Kitu kidogo kama punje ya mchele. Nimekifunga kwenye karatasi, nisije nikakipumulia kikapotea.
Ubao wa zamani haukifai. Itabidi nitengeneze mwingine, tena kabla ya Jumamosi. Jumamosi kaka wa mama watoto atapiga simu kutoka kwetu. Ni mgonjwa, mwanawe anasema anaisha. Tangu tuikimbie nchi yetu hawajaonana. Sauti tu ndiyo iliyobaki kati yao.

Jumanne, 5 Machi
Nimechora njia za umeme. Nimevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Mwenye duka la fotokopi kanichapia kwenye karatasi ya jarida, ile inayoteleza. Babu, hii ramani ya mji gani? Nikamwambia, mji ambao barabara zake zikigusana hakuna anayefika. Kacheka sana. Nilifurahi kuliko inavyostahili.

Jumatano, 6 Machi
Karatasi kifudifudi juu ya bamba la shaba, kisha pasi ya moto. Wino ukashika shaba. Nikaloweka, nikamenya karatasi kwa kidole gumba — mistari imebaki. Kisha nikalitumbukiza bamba kwenye bakuli la dawa inayokula shaba. Penye wino haigusi, pengine pote inakula.
Mama watoto kaliona bakuli lake. Kwa kuwa hasikii, anagomba moja kwa moja, hangoji jibu. Hilo bakuli la unga! Hata kwetu uliniharibia sufuria!
Kweli. Ile sufuria tuliiacha jikoni siku tuliyoondoka. Nadhani ilikuwa bado na joto.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeharibu.
Nimeweka chipu mahali pake: mguu wa kushoto unaangukia njia ya mguu wa kulia. Miguu yote iko kinyume. Chipu za zamani zilikaa upande wa pili wa ubao, miguu ikipenya matundu. Mchoro ulichapwa ulivyo, na ukibandikwa kifudifudi unajigeuza wenyewe, sawasawa. Hii mpya inakaa upande uleule wa shaba. Ilibidi mchoro uchapwe umegeuzwa, kama maandishi kwenye kioo. Umri wote nimechapa bila kugeuza. Mkono umekwenda wenyewe.
Bamba lilikuwa moja. Fundi redio kafunga duka, kaenda msibani. Atarudi Jumapili.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeamka na wazo. Ubao ukiwa kinyume, basi na chipu iwe kinyume. Nimeilaza chali, miguu juu, kama mende aliyekufa. Kushoto kumekuwa kulia. Lakini sasa miguu haifiki kwenye shaba. Kila mmoja unataka waya wake, mwembamba kama unywele. Nimechuna nyuzi kutoka waya wa simu ya zamani. Mkono unatetemeka. Mama watoto kaja, kanishika kifundo cha mkono, kakikandamiza mezani. Ukitetemeka, tutetemeke wote, kasema. Tumelehemu hivyo mchana kutwa. Shingo inauma.

Jumamosi, 9 Machi
Asubuhi kinafanya kazi, kisha hakifanyi. Mguu mmoja haujashika vizuri. Nikiubonyeza, sauti ipo. Kidole kinaleta mlio, kijiti cha kiberiti hakileti. Nilikuwa napasha moto chuma cha kulehemu niurudie, simu ikalia.

Ni mwana wa kaka yake. Shangazi, baba hawezi kusema tena, ila nimemwekea simu mdomoni. Mimi, nikiwa kando, nasikia mkwaruzo tu. Mama watoto kasogeza kikuza sauti juu ya simu, kafunga macho. Nabonyeza kwa kidole cha mkono wa kulia. Naandika kwa wa kushoto, nisimtazame usoni.

Anapumua, kasema.

Kamwita kwa jina la utotoni, lile wanalolijua wawili tu. Kamwambia mguu wake wa kushoto bado una kovu la siku ile waliyoanguka pamoja. Kacheka. Anasikiliza. Bado anapumua, kasema.

Mkono umeingia ganzi. Chuma kimeshapoa.

Baba watoto, bonyeza vizuri, kasema sasa hivi. Sauti imekatika.

Kidole kiko palepale. Mkono haujatikisika, simu bado iko hewani. Nabonyeza zaidi