Bamba la Usukani Limekatwa

Mbotela, Nairobi
Jumapili asubuhi

Kaka yangu Athumani,

Salamu nyingi kwako na kwa wote waliomo nyumbani. Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechoka, na kilichonichosha zaidi ni barua zako. Mguu wa mama umepoa, au bado mnauuguza?

Kaka, mwezi huu umeniandikia mara tatu kuhusu bamba la usukani wa mashua, na mara zote neno ni moja: haraka. Najua mashua imelala mchangani na watu hawana cha kuwavusha. Lakini kuniambia kwamba Nairobi imenifanya mvivu, hilo limeniuma.

Bamba nilianza kulikata kwa msumeno wa mkono, kidogo kidogo kila nikimaliza kazi za watu, maana chuma chenyewe ni kinene. Tajiri wangu, mwenye karakana, akawa ananicheka. Amenunua grenda ya umeme iliyokwisha tumika, ile mashine ya kukatia chuma kwa jiwe linalozunguka, na kile kifuniko cha kukinga jiwe amekitoa, eti kinamzuia kuona mstari. Nikamwambia bila kifuniko siishiki. Akanijibu basi nisimkalie meza yake siku nzima na msumeno wa babu.

Ndipo ikafika barua yako ya tatu. Nikaisoma, hasira zikanipanda, nikaishika hiyo grenda.

Kukata inakata, sikatai. Kazi ya siku mbili niliifikisha nusu kabla ya chai ya saa nne. Kisha jiwe likabanwa na chuma, likapasuka. Kipande kilinipita sikioni kikamkata Mutua, fundi mwenzangu wa meza ya pili, juu kidogo ya kiganja. Nilimfunga kwa shati langu, tukamkimbiza hospitali. Wamemshona, lakini daktari anasema vidole viwili havitakunjika tena. Tajiri alichouliza tuliporudi ni kama mashine imeharibika.

Nimemalizia kwa mkono. Nimevunja misumeno minne, kisha nikapiga tupa mpaka kingo zikalainika. Siku ya mwisho Mutua alikuja, mkono umening'inizwa shingoni, akaketi juu ya bamba ili lisitetemeke nikikata. Hakunilaumu hata kidogo. Nilipomwambia kwamba nitakuandikia, akasema, "Hili la mkono usimwambie. Atajilaumu bure huko."

Nami nimekwambia. Aliyeishika grenda ni mimi, na kosa ni langu. Lakini lile neno haraka sitaki kulisoma tena kwa mwandiko wako.

Bamba litakuja na basi la Alhamisi. Mtume mtu akalipokee. Nisalimie mama, shemeji, na mjomba nahodha. Mke wangu nitamwandikia yake peke yake. Hii asisomewe.

Ni mimi mdogo wako, niliyekasirika na bado nakupenda,
Bakari